NANI HUIAMURU SELI IWE MSULI?

Mama apasuapo kuku jikoni ana somo zima la misuli mbele yake, ijapokuwa pengine hana nafasi ya kulitazama, maana watoto wana njaa. Kidari na mapaja ni misuli ya kutembeza mifupa. Moyo ni msuli wa namna yake, usiopumzika tangu uanzapo kupiga ndani ya yai. Na firigisi ni msuli wa namna ya tatu, ufanyao kazi bila kuamriwa na akili. Makala haya yahusu namna ya kwanza tu, misuli ya mifupa. Hizo nyingine mbili zina wakubwa wao wengine, na zastahili makala yao.

Kuku huyo mwanzoni alikuwa seli moja. Seli ile ikagawanyika, na kila iliyotokana nayo ikapata urithi ule ule, yaani DNA ile ile. Seli ya ini inayo maandishi yote ya kutengeneza msuli, na seli ya msuli inayo maandishi yote ya kutengeneza ini. Basi ni nani aiambiaye hii, "Wewe uwe msuli," na ile, "Wewe uwe mfupa"? Wanafunzi wa kidato cha nne hujibu swali hili kwa neno moja, "MyoD," kisha huweka kalamu chini. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye utamu.

Kwa ajili ya wazazi ambao hawakupata kusoma somo hili, yafaa nieleze maneno machache. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini fulani, nayo yameandikwa katika uzi wa DNA kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Jeni haitumiki mpaka inakiliwe, na nakala ipelekwe nje ya kiini cha seli, mahali protini zinapoundwa. Sasa ziko protini ambazo kazi yao ni kushika DNA karibu na jeni na kuamua kama itanakiliwa ama haitanakiliwa. Nitaziita wasimamizi wa unakili, au kwa kifupi wasimamizi. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, na katika hizo kama 1,600 ni za wasimamizi hawa. Kumbe hata katika mwili maofisa ni wengi!

Misuli yatoka wapi

Yai lenye mbegu likiatamiwa kwa muda wa siku moja hivi, huanza kutokea vibonge vidogo viwili viwili, kimoja upande huu na kimoja upande huu wa mstari ambao baadaye utakuwa uti wa mgongo. Vibonge hivi huitwa somaiti. Katika kuku, jozi mpya hutokea kila baada ya dakika 90, kuanzia upande wa kichwa kuelekea mkiani, kwa utaratibu kama wa mtu apangaye matofali. Katika binadamu jozi ya kwanza hutokea mnamo siku ya 20 baada ya kutungwa mimba, wakati ambapo mama wengi hata hawajajua kama wana mimba.

Misuli yote ya kiwiliwili na ya miguu na mikono hutoka katika somaiti. Jambo hili lilithibitishwa kwa akili nzuri sana. Mwaka 1969 Bibi Nicole Le Douarin wa Ufaransa alieleza kwamba viini vya seli za kware wa Japani huonekana tofauti na vya kuku ukivitazama kwa hadubini. Basi ukitoa somaiti ya kuku mchanga ndani ya yai na kupandikiza ya kware mahali pake, seli za kware zitakua pamoja na za kuku, nawe waweza kuzifuata kila ziendako kama mtu afuataye ng'ombe wenye chapa. Katika miaka ya 1970 wataalamu walifanya hivyo, wakakuta misuli ya bawa ni ya kware, lakini mifupa ya bawa lile lile ni ya kuku. Yaani seli za misuli zilikuwa zimesafiri kutoka mgongoni na kuingia katika bawa lililokuwa likichipuka.

Habari za MyoD

Katika miaka ya 1970 ilikwisha julikana kwamba ziko seli za panya, za jamii ya tishu unganishi, zifugwazo katika vyombo vya maabara, ambazo zikitiwa dawa iitwayo azasaitidini hugeuka: baadhi huwa misuli, baadhi mafuta, baadhi gegedu. Dawa hiyo huondoa alama fulani za kemikali zilizobandikwa juu ya DNA ambazo huzifunga jeni. Katika mji wa Seattle, Marekani, katika taasisi ya utafiti wa saratani iitwayo Fred Hutchinson, Harold Weintraub na wenzake walifikiri hivi: ikiwa dawa isiyochagua yaweza kuleta misuli kwa wepesi namna hii, basi huenda mlango unaofunguliwa ni mmoja ama michache tu, wala si mia. Wakakusanya nakala za jeni zilizokuwamo katika seli zilizogeuka na hazimo katika zile ambazo hazijageuka, wakazijaribu moja moja. Mwaka 1987 Robert Davis, Weintraub na Andrew Lassar walitangaza kwamba moja imetenda. Seli za tishu unganishi zilizotiwa jeni hiyo moja zilijipanga, zikaungana, zikawa nyuzi za msuli. Wakaiita MyoD, tamka mayo-di. Herufi D si sifa. Ni alama tu katika orodha ya majaribio yao.

Habari hiyo ilishangaza watu. Kufikia mwaka 1990 walikwisha patikana ndugu zake watatu, Myf5, mayojenini na Mrf4, nao wote wakitiwa katika seli za namna ile huzigeuza. Hata seli za mafuta, na seli zenye rangi ya ngozi, zilipotiwa MyoD zilianza kuwasha jeni za misuli. Ndipo watu wakaanza kusema, "Tumempata bwana mkubwa wa misuli, akitamka, seli hutii."

Lakini zilikuwapo seli zisizotii. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba aina moja ya seli za ini zilikataa kabisa. MyoD alikuwamo ndani na jeni za misuli zimelala. Seli hizo zilipounganishwa na seli za tishu unganishi, jeni zile zikaamka. Hapo mwenye kufikiri hujua kwamba kumbe bwana mkubwa alikuwa amekosa watu wake, na kwamba seli za tishu unganishi ndizo zilizokuwa nao.

Hesabu kidogo

Sasa nawaomba wanafunzi wachukue penseli. MyoD hushika DNA mahali palipoandikwa C, A, kisha herufi mbili zozote, kisha T, G. Mahali hapo huitwa kisanduku E. Herufi zilizo lazima ni nne. Ikiwa herufi za DNA zingepangwa ovyo, uwezekano wa kupata kila moja ni robo, na robo mara nne yazidishwa hivi: 1/4 × 1/4 × 1/4 × 1/4 = 1/256. Maana yake ni kwamba kisanduku E kitatokea kwa bahati tu kila baada ya herufi 256 hivi. DNA ya binadamu ina herufi zipatazo milioni elfu tatu. Gawanya kwa 256, utapata karibu milioni 12.

Tafakari jambo hilo. Visanduku milioni 12, na jeni zote za protini ni 20,000! Msimamizi anayejua neno hilo fupi tu ni kama tarishi aliyepewa barua iliyoandikwa "Kwa Bwana Juma, Dar es Salaam." Atabisha hodi mpaka azeeke. Hapana budi pawe na alama nyingine za kumwonyesha nyumba, na alama hizo ni wasimamizi wenzake. Wataalamu walipohesabu mahali MyoD ashikapo hasa katika seli za misuli, walipata makumi ya maelfu, si mamilioni. Na hata katika hapo, mahali pengi hapawashi jeni yo yote.

Msumeno wa watu wawili

Ushirikiano wa kwanza ni wa kushikana mikono. MyoD hafanyi kazi peke yake. Sharti ashikane na protini nyingine, ya jamii iitwayo E, na wawili hao ndio waikamatao DNA, kila mmoja akishika nusu ya kisanduku. Waliopata kuona wapasuaji mbao msituni wataelewa upesi: msumeno mrefu, mtu mmoja juu ya gogo na mwenziwe chini shimoni. Mmoja akiondoka, kazi imekwisha.

Protini E zimo karibu katika kila seli, basi kupata mwenzi si shida. Shida ni mgomvi mmoja aitwaye Id, aliyegunduliwa mwaka 1990. Id anayo sehemu ya kushikana na E, lakini hana sehemu ya kushika DNA. Ni mfano wa mtu ashikaye mpini wa msumeno kwa nguvu, asivute. Id akiwa wengi, huwachukua E wote, na MyoD akabaki mseja. Seli changa za misuli ambazo bado zapata chakula cha kukuza huwa na Id wengi, nazo huendelea kugawanyika tu. Chakula hicho kikipungua, Id hupungua, MyoD akapata mwenzi, na seli ikaacha kugawanyika ikaanza kuwa msuli. Naona jambo hili ni la busara sana: kwanza kuongeza idadi ya watu, kisha kuanza kazi. Taifa lililogeuza mpango huo ndani ya kiinitete lingepata mguu mwembamba kama njiti.

Ushirikiano wa pili ni wa majirani. Mwaka 1990 Weintraub na wenzake walionyesha kwamba katika jeni moja ya misuli, kisanduku kimoja hakitoshi. Sharti viwili vilivyo karibu vishikwe pamoja ndipo jeni iwake, na kushikwa kwa kimoja hurahisisha kushikwa kwa cha pili. Tena yuko msimamizi wa ukoo mwingine kabisa aitwaye MEF2. Huyu akitiwa peke yake katika seli za tishu unganishi hazigeuki. Lakini akiwa pamoja na MyoD au mayojenini, hushikana nao, na nguvu yao huzidi sana kuliko jumla ya nguvu ya kila mmoja. Binadamu ana MEF2 wa namna nne. Inzi wa matunda anaye mmoja tu, na mwaka 1995 ilionekana kwamba inzi aliyenyimwa huyo mmoja hafanyi misuli.

Tena kuna ushirikiano wa kufungua mlango. DNA haikulala wazi katika kiini; imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni kama uzi juu ya kigurudumu cha cherehani, na jeni iliyokazwa sana haisomeki. Mbele ya jeni ya mayojenini, mwaka 2004 alionekana msimamizi aitwaye Pbx, ambaye hukaa pale tangu mapema, hata jeni ikiwa imefungwa. Yeye haifungui. Humwonyesha MyoD mahali; MyoD afikapo hushikana naye, kisha huita protini nyingine zenye kubandika alama za kemikali juu ya histoni, na uzi hulegea. Mlinzi, mwenye ufunguo, na fundi wa kulegeza: ondoa mmoja, jeni hailii.

Mfululizo wa amri

Katika kiinitete chenyewe, MyoD na Myf5 hawaji wenyewe. Seli za somaiti hupata habari kutoka kwa jirani zao: mrija ambao utakuwa uti wa fahamu, fimbo laini iliyo chini yake, na ngozi changa iliyo juu. Jirani hawa hutoa protini ziitwazo Wnt na Hedgehog, nazo ndizo huamsha Myf5 na MyoD. Pamoja nao yuko Pax3, msimamizi wa mapema. Seli zinazosafiri kwenda kwenye miguu na mikono hubeba Pax3, wala hazimwashi MyoD mpaka zifike, maana seli iliyokwisha kuwa uzi wa msuli haisafiri. Wako panya wa maabara waliozaliwa na kasoro ya Pax3. Wale walioirithi kwa baba na kwa mama hufa tumboni, nao hawana misuli ya miguu kabisa, ingawa wana baadhi ya misuli ya mgongo.

MyoD akisha amka huwasha jeni ya mayojenini, na huwasha MEF2. Kisha hao wote pamoja huwasha jeni za protini zenye kuvuta, kama vile miosini. Mwangalie ujanja huo: MyoD ajitengenezea wenzake mwenyewe, na jeni za mwisho haziwaki mpaka wenzake wawepo. Kwa hiyo kazi haianzi kabla ya vyombo kufika.

Kumwondoa mtu kazini

Ukitaka kujua kazi ya mtu ofisini, mpe likizo utazame kinachoharibika. Wataalamu hufanya hivyo kwa panya, kwa kuharibu jeni moja na kuacha nyingine zote. Mwaka 1992 Michael Rudnicki na wenzake walimwondoa MyoD. Panya walizaliwa na misuli iliyoonekana mizima, wakaishi, wakazaa. Je, yule bwana mkubwa hakuwa na kazi? Mtu mwenye haraka angesema hivyo. Lakini wale wataalamu waliona kwamba katika panya hao Myf5 alikuwa ameongezeka. Mwaka ule ule aliondolewa Myf5: misuli ilikuwapo, ila mbavu hazikukamilika, na panya wakafa mara walipozaliwa kwa kushindwa kuvuta pumzi. Mwaka 1993 waliondolewa wote wawili. Panya hao walizaliwa bila misuli ya mifupa, bila hata seli changa za kuifanyia, wasiweze kujitikisa, wakafa. Na mayojenini alipoondolewa mwaka huo, seli changa zilikuwapo tele, lakini nyuzi za msuli zilikuwa haba.

Kutokana na hayo vitabu viliandika kwamba MyoD na Myf5 huchagua seli, na mayojenini huzikamilisha. Na kwamba mmoja wa wale wawili asipokuwapo, mwenziwe hushika zamu. Mwanafunzi aandikaye hivyo mtihanini atapata alama zake. Lakini habari haikuishia hapo. Jeni ya Myf5 na jeni ya Mrf4 zimepakana sana katika uzi wa DNA, kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Wale walioibomoa ya kwanza walikuwa wameitikisa na ya pili pasipo kukusudia. Mwaka 2000 walipatikana panya wasio na Myf5 ambao mbavu zao zilikuwa kamili. Na mwaka 2004 wataalamu wa Paris walionyesha kwamba MyoD na Myf5 wakiondolewa huku Mrf4 akiachwa salama, misuli kadhaa ya kiinitete hutokea. Basi wachaguzi ni watatu. Kitabu kisemacho wawili kimesimama mwaka 1993, nacho hakikosi kwa ubaya; kilichapwa mapema.

Ushirikiano ukivunjika

Iko saratani iwapatayo hasa watoto, iitwayo rabdomayosakoma. Ni seli zilizoanza njia ya msuli zisifike. Ndani yake MyoD yupo, tena mara nyingi na mayojenini. Madaktari hupaka rangi kipande cha uvimbe ili kuwatafuta hao, na wakiwaona hujua ni saratani ya namna gani. Lakini seli haziachi kugawanyika. Katika aina moja ya saratani hiyo, nyuzi mbili za urithi hukatika na kuungana vibaya, kipande cha Pax3 kikashikamana na kipande cha msimamizi mwingine, akatokea kiumbe nusu na nusu atoaye amri zisizokoma.

Kwa nini MyoD aliyemo hafanyi kazi? Mwaka 1993 Stephen Tapscott, Weintraub na mwenzao walionyesha kwamba seli hizo zina upungufu wa kitu ambacho MyoD hukihitaji. Zilipounganishwa na seli nzima, MyoD alianza kutenda. Weintraub hakuishi kuona mwisho wa jambo hilo, kwani alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 49. Mwaka 2009 Tapscott na wenzake waliunda MyoD aliyefungwa na mwenziwe E kwa kiungo, hata Id asiweze kuwatenganisha. Wakamtia katika seli za saratani hiyo zilizokuwa katika vyombo vya maabara. Seli ziliacha kugawanyika, zikaanza kuwa misuli. Hiyo bado si dawa ya kumpa mtoto, wala mzazi asije akadhani iko dukani. Lakini msumeno ule wa watu wawili umeonekana ulipokuwa umeachwa.

Maswali kwa wanafunzi. Kwanza, kama neno lishikwalo na msimamizi lingekuwa na herufi sita zote za lazima, lingetokea mara ngapi kwa bahati katika herufi milioni elfu tatu? Pili, panya aliyekosa MyoD aliishi. Eleza kwa nini jambo hilo halithibitishi kwamba MyoD hana kazi. Tatu, kwa wa kidato cha tano na cha sita tu: buni jaribio la kutofautisha seli isiyo na E na seli yenye Id wengi kupita kiasi. Majibu yaletwe maabara ya Bayolojia, nayo yaandikwe kwa wino.